Wiski ya Rafu ya Chini

Wiki iliyopita niliishia mlangoni kwa meneja, mkono uko kwenye kitasa na jasho linanishuka mgongoni. Leo naingia.

Kwa aliyelikuta gazeti hili kwa bahati, kwa kinyozi au limefungiwa samaki, nimweleze kwa ufupi mimi ni nani. Naitwa Hashil. Kwetu ni Malindi, mjini Unguja, na ukoo wetu ukiuza udi na manukato tangu enzi za babu yangu. Duka lilifungwa mikononi mwangu. Namna lilivyofungwa nshaieleza, sina nguvu ya kujidhalilisha mara mbili kwa jambo moja. Nilibakiwa na urithi mmoja tu, pua.

Pua hiyo ndiyo iliyonipatia kazi kwenye hoteli moja ya Kendwa, huko kaskazini ufukweni. Kazi yenyewe ni kutunza stoo ya vinywaji. Chupa ikiharibika mimi hujua kabla haijafunguliwa vizuri. Mvinyo ukichacha, bia ikipigwa jua, mimi ndiye nnayeitwa. Wenzangu wakanipachika jina, Bwana Pua.

Mke wangu Fatma nilimwambia nimepata kazi ya stoo ya mashuka. Mashuka na mataulo. Tena niliapa.

Na nilikuwa na sheria yangu, niliyoitunga mwenyewe na kujitolea fatwa mwenyewe. Nitanusa, sitaonja. Kwa sheria hiyo nikawadharau watu wote. Nikawadharau wageni wanaoagiza karatasi iliyobandikwa nje ya chupa na si kilichomo ndani. Nikawadharau wahudumu wanaomalizia masalia ya gilasi nyuma ya jikoni. Nikapita katikati yao kama maiti aliyekwishaoshwa, sitaki kuguswa. Miezi minane.

Sasa tuingie kwa meneja.

Ilikuwa Alkhamisi, saa nne asubuhi. Meneja wetu, Tahir, alikuwa nyuma ya meza yake. Pembeni amesimama Bi Wanu, mkuu wa baa, mama wa makamo wa Nungwi, kilemba kimefungwa vizuri na mikono ameikunja. Mezani gilasi tatu, kila moja juu ya kikaratasi chenye namba. Chupa hakuna.

"Funga mlango, Hashil," Tahir akasema.

Nikafunga. Nikamwamkia Bi Wanu shikamoo, akaitika marahaba bila kunitazama.

"Kuna mgeni kamwandikia barua mwenye hoteli."

Mwenye hoteli ni Bi Zuleikha. Anakaa Dar es Salaam, huja mara moja kwa mwezi, na siku anayokuja hata paka wa jikoni hutembea kwa adabu.

"Barua ya nini?"

"Mgeni kanywa bourbon kwetu. Ile ya kisanduku cha mbao. Anasema chupa ni ya kweli, kisanduku ni cha kweli, lakini kilichomo ndani si chenyewe. Anasema alihisi kama anakunywa keki."

"Keki?"

"Keki. Na ni mtu anayeijua kazi hiyo. Bi Zuleikha anakuja Jumamosi na anataka jina la mtu." Akaweka kidole mezani. "Funguo za stoo ni mbili. Moja yako, moja ya Bi Wanu."

Hapo Bi Wanu akazungumza. "Mtoe huyu kwenye shaka. Mie nshafanya kazi ya baa miaka kumi na tisa, nnamjua mwenye mkono mrefu na nnamjua asiyekuwa nao. Hashil hagusi. Ukitaka wa kumshuku, nshuku mie."

Nakiri kwamba maneno yale hayakunigusa. Niliyapokea kama mtu anayerudishiwa kitu chake. Bila shaka sigusi. Mimi ni Hashil wa Malindi.

"Basi tuambie," Tahir akasema, akazisogeza gilasi upande wangu. "Ipi ni ipi."

Nikaichukua ya kwanza. Nikaizungusha taratibu, nikafungua mdomo kidogo ili hewa ipite, nikanusa. Mbao iliyoungua, vanila, ngozi ya kiatu kipya, na kwa mbali kama ganda la chungwa. Sikuipenda, lakini nilikiri imetengenezwa na watu walioketi chini wakafanya kazi.

"Hii ndiyo yenyewe, ya kisanduku."

Ya pili sikuhitaji hata kuiinua. Ilinijia yenyewe, kama mtu asiyejua kubisha hodi.

"Hii ni Mzee Toliva."

Tahir akacheka. Chupani imeandikwa Old Tolliver, lakini pale Kendwa hakuna aliyejipa tabu ya kulitamka sawasawa. Ni bourbon ya rafu ya chini kabisa, chini ya sharubati, karibu na ndoo ya kupigia deki. Chupa yake ya plastiki. Kifuniko cha kuzungusha, kama cha mafuta ya kupikia. Mbele ina picha ya mzee wa Kimarekani amekalia pipa, ndevu zimemfika kifuani.

"Endelea," Tahir akasema. "Iseme yote."

Nikaisema. Na niliisema kwa raha, kwa sababu kudharau kitu mbele ya watu ni ulevi wa peke yake, na ule nilikuwa nao siku nyingi.

"Bourbon ni wiski ya mahindi," nikasema, "inalazwa kwenye pipa jipya lililochomwa ndani, inaachwa miaka ikajifunze adabu. Hii imelazwa kidogo ikaamshwa kwa fujo. Katika chupa nzima kitu pekee chenye umri ni ndevu za yule mzee."

Nikainusa. "Mwanzo, dawa ya kufutia rangi ya kucha. Nyuma yake, mahindi yaliyosahauliwa kwenye maji. Nyuma ya mahindi, hakuna mtu. Manukato duni ndivyo yalivyo, yanapiga kelele mlangoni, ukiingia ndani nyumba haina hata mkeka."

Nikadondosha tone kiganjani, nikasugua, nikangoja. Hivyo ndivyo marehemu baba alivyonifundisha kwenye udi, spiriti iache iondoke kwanza, kitakachobaki ndicho ulichokinunua. Udi mzuri hulala na wewe siku mbili. Mzee Toliva alipoondoka aliniachia harufu ya boksi lililonyeshewa.

"Mtu akiniletea hii nioshee sakafu," nikasema, "ntaionea huruma sakafu."

Hata Bi Wanu alitabasamu kidogo.

Nikaichukua ya tatu.

Mbao. Vanila. Sukari iliyoungua. Karafuu kwa mbali, kama mtu aliyepita nayo chumba cha pili. Nikairudia. Nikaisugua kiganjani, nikangoja. Ikabaki, tamu na nzito.

"Hii na ya kwanza ni moja," nikasema.

"Una hakika?" Tahir akauliza. Aliuliza kwa upole sana. Ningekuwa na akili ningeusikia ule upole.

"Nna hakika."

"Si moja," Bi Wanu akasema.

Nikamgeukia.

"Nimezionja zote asubuhi," akasema. "Ya tatu mwanzo wake unafanana na ya kwanza. Mwisho wake si wake. Pua haiwezi kuufika mwisho, Hashil, pua hukomea mlangoni. Mwisho hujulikana kooni." Kisha akaongeza, taratibu, "Lakini we usionje, mwanangu. Si lazima. Neno langu litatosha."

"Mwache," Tahir akasema, anakusanya gilasi. "Hiyo si kazi yake. Tuseme tu pua ya Malindi leo imeshindwa na ulimi wa Nungwi. Hakuna aibu."

Nataka mlijue hili vizuri, kwa sababu nimesoma visa vya watu humu gazetini na kila mtu husema alilazimishwa. Mimi sikulazimishwa. Bi Wanu alinikataza. Tahir alikuwa akiziondoa gilasi. Nilichotakiwa ni kunyamaza tu. Nikanyoosha mkono, nikaichukua ile ya tatu kutoka mkononi mwake, nikanywa.

Umri wangu miaka thelathini na minane. Lilikuwa tone la kwanza.

Sina sifa ya kuwapa. Wanaosema ina raha, mimi sikuiona raha humo. Ilinichoma ufizi, ikanichoma ulimi, ikashuka kama maji ya betri. Na nilimjua mara moja aliyekuwemo. Alikuwa Mzee Toliva yuleyule, mbichi, mwenye fujo, amevishwa kanzu ya kuazima na kupakwa mafuta mazuri. Nikataka kucheka. Nikataka kumwambia Tahir, kumbe hii ndiyo hila yenyewe, wanakijaza kisanduku cha mbao kwa uchafu wa rafu ya chini.

Kisha moto ukapita, kikabaki kitu kooni.

Vanila, ndiyo. Makonyo kidogo, vile vijiti vya karafuu, badala ya karafuu yenyewe, ili isipige kelele. Na sukari. Sukari iliyounguzwa mpaka inakaribia uchungu, halafu ikazimwa. Haikuzimwa kwa maji. Ilizimwa kwa marashi ya mawaridi.

Kaimati. Ilikuwa shira, sukari nzito tunayozimiminia kaimati za futari.

Ramadhani tisa nimefuturu kwa shira ile. Unguja nzima sijui mtu mwingine anayethubutu kuiacha sukari iungue vile, wala anayeizima kwa marashi. Wanawake wa mtaani kwetu humwuliza siri yake, naye hucheka tu. Ni mkono wa mke wangu.

Nikasimama pale na gilasi mkononi. Mambo mawili yalinifikia pamoja nisijue lipi nilishike kwanza. Nimekunywa pombe. Na ndani ya pombe nimemkuta Fatma.

"Umeijua," Tahir akasema. Hakuuliza.

"Ni Mzee Toliva," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba. "Ametiwa vanila na sukari."

"Na nani?"

"Pua haisomi majina."

"Jumamosi asubuhi," akasema. "Ukikosa jina, ntapeleka la mwenye ufunguo."

Bi Wanu alinimiminia maji. Nikayakataa. Sikutaka aniuguze mtu aliyenishinda. Nikatoka, nikaaga kwamba nyumbani kuna dharura, na kwa mara ya kwanza kwa miezi minane nilikuwa nasema kweli.

Nilifika mjini alasiri. Njia nzima nilitafuna karafuu na hiliki mpaka ulimi ukafa ganzi. Simu ililia mara kadhaa mfukoni, sikuitoa. Nilipita msikiti wetu nikatazama upande wa pili, kama mtu anayemkwepa jirani.

Harufu ilinipokea kwenye ngazi. Sukari inaungua, marashi yanangoja.

Hebu fikirini. Mwaka mzima nimepanda ngazi zile na harufu ile iko palepale. Nilidhani Fatma anawapikia watu keki. Bwana Pua, anayejua mvinyo uliochacha kupitia kizibo, hakuinusa nyumba yake mwenyewe.

Fatma alikuwa jikoni, anakoroga.

"Umerudi mapema," akasema. "Mashuka yamekwisha?"

"Shira hii ya nani?"

"Ya Msabah. Yule wa Mwanakwerekwe, muuza vifaa vya keki."

"Tangu lini?"

"Tangu duka lako lifungwe."

"Anaifanyia nini?"

Akaendelea kukoroga. "Mwaka mzima hukuuliza. Leo una nini?"

"Leo nimeikuta kwenye pombe, Fatma."

Mkono wake ukasita. Akazima gesi, akaweka mwiko chini, akajifuta mikono kwa kanga. Vyote kwa utaratibu.

"Umeikuta wapi pombe?" akasema. "Ndani ya mashuka?"

Nikaukazia macho mwiko.

"Mie ndiye nnayezifua nguo zako, Hashil. Mashuka hayanuki vile. Nilijua wiki ya kwanza."

"Na ukanyamaza?"

"Nilingoja useme wewe."

Mtu mwenye aibu angekaa chini pale. Mimi nilipandwa na ghadhabu. Nikamwambia yeye ni binti wa mwalimu wa chuo cha Kurani. Nikamwambia marehemu baba yake alikufa na msahafu mkononi, na mtoto wake anaikolezea pombe ili wazungu waione tamu. Nikamwambia ameitia najisi sufuria ya futari. Nilisema mengi, na yote kwa sauti ileile niliyomsemea Mzee Toliva asubuhi.

Akaningoja nimalize.

"Mwanzo sikujua," akasema. "Msabah alisema keki. Baada ya wiki tatu akaja na kichupa kidogo, akaniambia anataka shira ifanane na hii. Nikakifungua nikajua ni kitu gani. Ningeweza kumfukuza siku ile. Lakini wewe ulikuwa kitandani mwezi wa pili, unautazama ukuta, hata kuoga hutaki. Nikafanya. Nikajiambia, mradi nimenusa tu. Mradi sionji."

Fatwa yangu. Neno kwa neno. Sikuwahi kumwambia kiumbe yeyote.

Akanisogelea. "Fungua mdomo."

"Ya nini?"

"Fungua."

Akanusa. Mnanisifu mimi kwa pua, hamjamwona Fatma.

"Karafuu," akasema. "Hiliki. Umetafuna nyingi." Kisha akarudi nyuma hatua moja, akajifunika kanga vizuri kana kwamba ameingia mwanamume wa nje. "Wewe umeonja."

Kabla sijajibu tukasikia hodi. Sauti ya taratibu, yenye adabu zote. Niliijua.

Fatma akachungulia. "Huyu huja na Msabah," akaninong'oneza. "Siku zote hubaki chini kwenye gari. Leo kapanda mwenyewe."

Akaingia Tahir.

Akatoa salamu, akavua viatu, akaketi kwenye kiti cha marehemu baba bila kukaribishwa. Mlango aliuacha umerudishiwa tu.

"Nilijua ntakukuta," akaniambia.

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi." Alisema kama mtu anayekubali kwamba ndiye aliyeagiza chai. "Ufunguo wa tatu niliuchongesha mwenyewe. Barua ya yule mgeni ilinitia wasiwasi. Nikasema, kama Hashil haikamati, basi mgeni ni mzushi na mambo yanaendelea. Ndiyo maana nikakuwekea zile gilasi. Na ulisema ni moja, yakhe. Nilitaka kukukumbatia. Bi Wanu akaharibu."

Hilo likanichoma upya. Bi Wanu akaharibu.

"Ulipoonja nikaiona sura yako," akasema. "Nikajua hatuna muda. Sasa sikiliza. Bi Zuleikha hatoondoka bila jina. Langu halitoki, kwa sababu mimi ndiye nnayelipeleka. Likitoka lako, watu watakuja hapa, wataiona hiyo sufuria. Utakwenda na mkeo."

"Basi unataka nini?"

"Bi Zuleikha anakuamini kuliko anavyoniamini mimi. Anasema katika wafanyakazi wake wote ni wewe tu mwenye dini. Mwambie umenusa, umeijua, na ni Bi Wanu. Mwenye ufunguo, mwenye kunywa, miaka kumi na tisa kwenye baa. Nani atauliza mara mbili?"

"Usimtaje," Fatma akasema kutoka mlango wa jikoni. "Nitaje mie. Shira ni yangu, mkono ni wangu."

"Bibi, wewe huna ufunguo," Tahir akasema.

"Hashil. Usimtaje mtu asiye na kosa."

Ningependa kuwaambia kwamba nilimwokoa mke wangu. Ndivyo nilivyojiambia wakati ule, na ndivyo nilivyojiambia miezi mingi baadaye. Lakini safu hii nimeianza ili niseme kweli, kwa hiyo naisema. Niliwaza gilasi ya tatu. Niliwaza yule mama wa baa alivyosema "si moja" mbele ya meneja, na jinsi alivyokuwa na haki. Niliwaza maji aliyonimiminia. Nikamdharau kwa yale maji.

"Ntasema ni Bi Wanu," nikasema.

"Sema tena, nisikie unavyolisema."

"Nimenusa, nimeijua. Ni Bi Wanu ndiye anayejaza chupa."

Tahir akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Fatma hakunitazama mimi. Alikuwa anatazama nyuma yangu.

Nikageuka.

Mlango ulikuwa umesukumwa. Bi Wanu amesimama kizingitini, viatu vyake ameshika mkononi, ameshavivua chini kwa adabu ya nyumba ya watu. Ndiyo maana hatukumsikia kwenye ngazi. Mkono wa pili ana mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko naziona chupa mbili za Mzee Toliva, tupu, na kidumu kidogo cha shira.

Sikujua amesimama pale tangu lini.

"Nimekupigia simu hupokei," akasema. Bado alikuwa anahema. "Nikaulizia nyumba ya wauza udi, wakanielekeza." Akauinua mfuko kidogo. "Nimevikuta kabatini kwa Tahir, ulipoondoka na yeye akakufuata. Nikampigia Bi Zuleikha. Hakungoja Jumamosi, kaja na boti ya mchana. Nimemfuata bandarini."

Tahir alisimama.

"Yuko chini kwenye gari," Bi Wanu akaendelea, na bado alikuwa akizungumza na mimi peke yangu. "Alipompigia Tahir kumwuliza, Tahir kamwambia kwamba vitu hivi ni vyangu, nimemwekea mie kabatini. Bi Zuleikha hajui amwamini nani. Nikamwambia hapa Malindi kuna mtu mmoja, pua yake haikosei na ulimi wake haujapata kugusa uongo. Tumwulize Hashil. Nimemwapia, lolote atakalolisema Hashil ntalikubali."

Akaviweka viatu vyake chini, kimoja kimoja, akaanza kuvivaa.

"Hebu twende chini, mwanangu. Ukamwambie hilohilo ulilolisema sasa hivi."